Kufungua Datsun 240Z nyumbani Mombasa kabla ya kazi ya bodi

Mtu akishapata gari ya zamani hapa Mombasa mkono waanza kumuwasha, ataka grenda. Nakuelewa, mimi pia nlikua ivo ivo. Datsun 240Z yangu ya 1972 ilipofika nyumbani Kisauni ikivutwa na kamba, wiki ya kwanza tu nlishavua rangi ya paa lote mpaka chuma kikang'ara kama sinia la harusi, nkaenda zangu kulala roho kwatu, na ilikua mwezi wa tatu mwishoni, masika yanukia. Kuamka asubuhi paa zima rangi ya chungwa. Si madoa, lote! Usiku mmoja tu. Kwa hivo hii ntakayoeleza ni namna ya kufungua gari kipande kipande ndo iende kwenye bodi, kwa mtu mwenye banda la makuti na spana za kawaida, na anaeishi huku kwetu ambako chumvi haikai baharini peke yake.

Natumia 240Z kama mfano kwa sababu ndo nnayoijua kwa mikono. Wazee wakiiona lazima wakusimulie Safari Rally, na wana haki, manake gari hii ilishinda 1971 na Edgar Herrmann kisha 1973 na Shekhar Mehta, kwa matope na mavumbi yetu haya haya. Injini silinda sita zimepangwa mstari mmoja, ujazo cc 2393, kabureta mbili. Lakini kwa kazi yetu ya leo sahau injini, jambo kubwa ni kwamba hii gari haina chesisi ya kando kama pikap au lori, bodi ndo chesisi yenyewe. Sakafu, paa, masanduku ya chuma chini ya milango, vyote vyashikana mkono kubeba uzito. Ukitoa kimoja kwa pupa vile vyengine vyapinda na hutajua mpaka siku mlango utakapokataa kufunga. Gari nyingi ndogo za miaka ile ziko hivo, basi hata kama yako si Datsun soma tu.

Kwanza kabla ya spana. Angalia logbuku na namba ya chesisi zafanana. Kwenye 240Z namba imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha dereva, na za usukani wa kulia kama zetu yaanza na HS30. Safisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, piga picha, halafu bandika tepu juu na umwambie kila fundi atakaeingia hapo banda kwamba hapa grenda haifiki. Namba ikishasuguliwa ushajitafutia kesi. Na ukipanga kubadilisha rangi ya gari ujue lazima na kule NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, ukabadilishe kwenye rekodi.

Pili ni majira. Hili wengi hawalifikirii manake video wanazotazama ni za watu wa nchi za baridi walio na gereji zimefungwa zina mashine za kukausha hewa. Sisi tuna kusi na kaskazi. Kazi ya kufungua tu, yaani kutoa viti, vioo, waya, waweza kufanya wakati wowote bora juu yako kuna paa lisilovuja, lakini kazi ya kuacha chuma uchi ingoje kaskazi, Disemba mpaka Februari, ile jua kali na mvua hamna. Mimi sasa hivi hupanga hivi, mvua za masika zikiisha naanza kufungua polepole, miezi ya Julai Agosti, navyofika mwisho wa mwaka gari ishabaki ganda na hali ya hewa ishakua nzuri.

Tatu, pima. Wallahi hii ndo hatua watu huruka na ndo ya bure kuliko zote. Gari ikiwa ingali nzima, imesimama kwa magurudumu yake pahali sawa, chukua futi ya chuma upime uwazi wa kila mlango pembe kwa pembe, kushoto na kulia, halafu ndani ya chumba cha injini pima kutoka bolti ya juu ya shoki ya kulia mpaka pembe ya mbali ya kushoto, na kinyume chake. Pima pia mianya, mlango na fenda, mlango na robo ya nyuma (ile bodi iliyo nyuma ya mlango), boneti na fenda. Mianya yaweza kua si sawa tokea zamani, pengine ishagongwa, we andika tu. Mimi niliandika kwa makaa kwenye boriti ya banda, halafu dada yangu akaja akaipaka chokaa kwa ajili ya maulidi. Andika kwenye daftari.

Sasa vyombo. Hapa hauhitaji duka zima. Spana na soketi za milimita, 10, 12, 14 na 17 zitafanya kazi karibu yote ya bodi. Jeki nzuri na stendi nne, si mawe, si vipande vya mbao, stendi. Koleo, patasi nyembamba, nyundo, brashi ya waya. Na bisibisi, hapa nasimama kidogo. Skrubu za msalaba za gari za kijapani za zamani si sawa na bisibisi za msalaba tunazouziwa kwenye hadwea. Zafanana kwa macho lakini ncha ni tofauti, ile yetu ya kawaida yaruka juu kwa juu ikishakazwa na yala kichwa cha skrubu mpaka kinakua tundu la duara. Tafuta zile zilizoandikwa JIS, yaani kipimo cha Kijapani, seti moja yatosha, na ile bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ukigonga yazunguka kidogo. Skrubu zilizoshikana bila hio kitu utalia.

Kwa bolti zilizoshikana kutu kuna watu wachanganya mafuta ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimi natumia na yafanya kazi vizuri, ila yawaka moto vibaya mno na yala rangi, kwa hivo matone tu na sigara mbali. Paka jioni, kesho asubuhi paka tena, jioni ndo ujaribu. Jaribu kukaza kidogo kwanza ndo ulegeze, ukisikia imelia mlio wa "kwi" ushashinda, irudishe mbele nyuma mbele nyuma usiitoe kwa mwendo mmoja. Na ikikatika ikatike, usitukane, zipo siku zake.

Mifuko. Nunua mifuko midogo ya plastiki ya kufunga kwa zipu, kalamu ya wino usiofutika, na tepu ya karatasi. Kila bolti zinazotoka sehemu moja zaingia mfuko mmoja na ndani ya mfuko yaingia karatasi imeandikwa, manake wino wa juu wafutika na mikono ya mafuta. Usiandike "bolti za mbele". Andika "fenda ya kulia, upande wa injini, tano, ile ndefu yakaa mwisho karibu na kioo". Leo waona kama mchezo, waona utakumbuka. Hutakumbuka. Gari yangu ilikaa wazi miaka miwili na nusu, wee nani akumbuke bolti.

Haya tuanze. Betri, toa waya wa hasi kwanza halafu chanya, itoe kabisa uiweke mbali. Ukishatoa tazama ile sahani iliyokua chini yake, kwenye 240Z hapo ni nyumba ya kutu manake asidi yavuja miaka na miaka yateremka mpaka kwenye reli ya chini. Yangu nliweka kidole kikatokea upande wa pili.

Kisha petroli. Hapa sitaki utani. Tangi liko nyuma chini, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma, na juu yake kuna mipira mingi midogo ya kupumulia ambayo kila mmoja una kwake, kwa hivo picha kwanza, picha nyingi. Mwaga petroli yote kwenye mtungi wa chuma, nje, asubuhi kabla jua halijakua kali, hamna mtu awasha jiko karibu. Tangi likitoka lipeleke mbali kabisa na banda. Tangi tupu ndo hatari zaidi kuliko lililojaa kwa sababu limejaa mvuke, cheche moja ya weldi na hamtazikwa pamoja. Kama latakiwa kuchomelewa mpe mtu anaejua kazi hio ya matangi, usijaribu nyumbani.

Mwaga na maji ya rejeta na oili. Maji ya breki yale yala rangi, yakimwagika kwenye paneli osha kwa maji mara moja.

Nje sasa. Bampa mbili, grili, taa. Vikombe vya taa za mbele vyafunguka kwa bolti, pole pole hapo. Boneti ya hii gari yafunguka kinyume, bawaba ziko mbele puani, kwa hivo mwahitajika watu wawili, mmoja kila upande, na kabla hujalegeza bolti chora kwa msumari mzunguko wa kila bawaba kwenye chuma ili siku ya kurudisha uijue ilikaa wapi. Vivo hivo milango na buti. Mwanangu wa dada ndo alikua msaidizi wangu, nkampa kazi ya kuchora, kazi ya kupiga picha na kazi ya kwenda kuleta kahawa tungu, na katika zote tatu hio ya mwisho ndo hakusahau hata siku moja.

Fenda za mbele si za kuchomelewa, zafunguka kwa bolti, na hii ndo raha ya 240Z. Bolti ziko juu ndani ya chumba cha injini, mbele chini kwenye ile paneli ya puani, chini nyuma ya gurudumu, na kuna zilizojificha karibu na mlango ambazo lazima ufungue mlango uzione, na ile ya mwisho kabisa yatoka tu ukishatoa paneli ya matundu iliyo chini ya kioo cha mbele. Watu hawajui hapo, wavuta fenda kwa nguvu, yapinda. Kwa hivo toa waipa, toa hio paneli, na ukishaitoa angalia shimo lililo chini yake. Hapo ndo maji ya mvua hupita na kuteremka kwa vijishimo vya pembeni. Majani ya muarubaini yakiziba hivyo vijishimo maji yakaa, na chuma cha hapo kikishatoboka maji yaingia miguuni kwa dereva na wewe wafikiri ni mlango wavuja. Yangu nlitoa huko udongo wa kupandia mchicha.

Ukishatoa fenda utaona nyuma yake, kati ya gurudumu na mlango, mfuko wa udongo mwengine. Kwangua, usinyunyizie maji bado.

Vioo. Kioo cha mbele kimeshikwa na mpira mkubwa una utepe wa kung'aa juu yake. Makosa ya kila siku ni kuingiza bisibisi na kuukwanyua mpira uliokauka miaka 50, kioo chapasuka pembeni hapo hapo. Mpira huo hauna maisha tena, ukate. Toa kwanza ule utepe wa kung'aa kwa subira, huo ndo ghali, kisha chukua kisu chenye makali ukate mdomo wa nje wa mpira kuzunguka kioo chote, halafu mtu mmoja akae ndani asukume kwa viganja vyote viwili kutoka pembe ya juu na mwengine nje apokee. Kifunge kwa leso mbili kuukuu ukiweke kimesimama, usikilaze, nyuma ya kitanda cha wageni kimesimama kwa ukuta ni pazuri. Sheria ya nyumbani kwangu ni mtoto akienda kuangalia apewe mahamri aondoke.

Ndani. Viti, zulia, mikanda, vyote rahisi. Plastiki za pembeni zishaiva kwa jua zapasuka kama papadi, kwa hivo usizivute asubuhi kukiwa na baridi, acha gari jua liipige kidogo zilainike ndo utoe. Dashibodi ndo mtihani. Yashikwa na bolti na skrubu juu karibu na kioo, ndiyo maana kioo chatoka kwanza, na pembeni, na usukani wateremshwa kidogo. Lakini hata kabla ya bolti, waya. Kila soketi ya waya unayoitoa funga tepu pande zote mbili na uandike namba ile ile pande zote mbili, moja na moja, mbili na mbili. Usikate waya hata mmoja hata kama umeungwa na fundi wa zamani kwa tepu nyeusi na mate. Toa fungu zima la waya lote kama mti na matawi yake, lizungushe taratibu kwenye beseni kubwa, na usiliviringe kaidi kama kamba ya ng'ombe. Ukikuta waya umekatwa tokea zamani andika "ulikua umekatwa", ili usije ukajilaumu.

Milango sasa, na hapa rudi kwenye yale niliyosema ya bodi kujibeba. Ikiwa masanduku yale chini ya mlango yameliwa na kutu, na Mombasa mengi yameliwa, usitoe milango ukaenda zako. Kwanza chukua anglaini, yaani chuma cha pembe, kata, uifunge au uichomelee kuvuka uwazi wa mlango kutoka nguzo ya mbele mpaka nguzo ya nyuma, na moja ya mshazari, pande zote mbili, na moja kuvuka ndani kutoka kulia kwenda kushoto. Pima tena pembe kwa pembe, zilingane na zile za daftari. Hapo ndo panelbita, yaani fundi wa bodi, anaweza kukata chini bila gari kujikunja kama mkeka. Panelbita wengine watakwambia "aa bro haina haja". Mwambie gari ni yako.

Injini itolewe? Kwa kazi ya bodi kamili ndio, pamoja na gia boksi, kwa kreni ya kukodi siku moja. Ziba matundu yote kwa tepu na mifuko, tia oili kidogo kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi, na iweke juu ya mbao, si juu ya sakafu ya saruji ilio na unyevu. Lakini shoki na magurudumu mimi nasema viache mpaka mwisho mwisho, manake ganda lenye magurudumu watu wawili waweza kulisukuma, ganda lisilo na magurudumu ni mkokoteni na mahamali wanne na kelele. Ukija kuzifungua, springi ya shoki usiifungue nati ya juu bila kile kibanio chake, ile imekazwa na nguvu ya kuvunja taya. Na vumbi la breki za zamani usilipulize, linaweza kua na asbesto, lifute kwa kitambaa kibichi.

Sakafu utaikuta imefunikwa mikeka myeusi ya lami ya kuzuia kelele. Yataka kutolewa manake chini yake ndo kutu imelala. Mashine ya hewa moto na patasi butu, dakika chache kila kipande, yatoka kama kaimati kwenye sufuria. Wazungu watumia barafu kavu, mimi sina, nkajaribu barafu ya samaki ya pale feri, nlichopata ni maji.

Sasa chumvi, na hili ni la kwetu hasa. Kabla hujavua rangi popote, osha ganda lote ndani na nje, mifereji yote, mashimo yote, kwa maji MATAMU. Visima vyetu vingi Mombasa maji yake yana chumvi, ukiosha nayo umeongeza ugonjwa. Nunua mitungi kadhaa kwa mtu wa mkokoteni, au kinga maji ya mvua, na onja kwanza, ulimi haudanganyi. Kausha jua siku mbili tatu milango yote wazi.

Kisha vua rangi paneli moja, si gari. Moja. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, vaa barakoa nzuri manake rangi za zamani zinaweza kua na madini ya risasi ndani, ni sumu, na ukiweza sugua kwa msasa wa maji badala ya kurusha vumbi mtaani. Grenda yenye brashi ya waya kwenye paneli nyembamba kama boneti isikae pahali pamoja, chuma kikipata joto chavimba na hakirudi. Ukimaliza usiguse kwa mkono mtupu, jasho letu lina chumvi vilevile, alama ya kiganja itatokea kesho yake kama picha. Futa kwa thina na kitambaa kisafi, na kabla ya alasiri kupita piga praima (rangi ya kwanza ya chini) ya epoksi. Epoksi, si ile praima ya kijivu ya bei rahisi, ile ya kawaida yapitisha unyevu na kutu yaendelea chini yake kimya kimya. Kama umechelewa na jua linashuka, acha rangi ya zamani mahali pake mpaka kesho.

Vitu vidogo kama bawaba, vishikio na bolti nzuri huna haja ya kuvisugua kimoja kimoja. Molasi ile ya chakula cha ng'ombe, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa au kumi, ndoo yenye kifuniko, tumbukiza uache wiki moja mpaka mbili, kutu yatoka yenyewe chuma chabaki. Yanuka, weka mbali na dirisha la jirani. Usitie alumini humo, yaliwa. Ukiwa na haraka siki au asidi ya ndimu ya unga yafanya kwa siku moja mbili lakini chunga isipitilize. Bibi yangu masinia yake ya shaba alikua akiyasugua kwa ukwaju, ni dawa ile ile. Ukitoa osha kwa maji matamu, kausha jua hapo hapo, paka oili.

Na vyuma vyote vilivyotoka vifungie ndani. Wale wa kununua vyuma kuukuu wapita kila siku na mikokoteni na bampa ya 240Z ikilala nje kwa mlango, wao waiona kilo tu. Mimi nlipoteza grili ivo, siku ya Ijumaa niko msikitini.

Panelbita akija mwonyeshe daftari la vipimo kabla ya kumwonyesha gari. Atakaelichukua akalisoma, huyo mpe kazi. Alielitupa kando kwenye kiti akaanza kugonga gonga fenda kwa kidole akikupigia bei, mnywesheni chai aende.